Nyumba za Lamu na Mchanga wa Shela

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wenye nyumba, walimu na vijana wa pwani. Twaichapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakupata kuisikia.)



Nimeombwa niseme nanyi leo juu ya vyama ambavyo wenyeji huviunda kwa hiari yao wenyewe ili kuuhifadhi mji wao. Jambo hili laweza kusemwa juu ya miji mingi ya pwani, lakini nimeuchagua mmoja tu, nao ni Lamu. Nimeuchagua kwa sababu huko nyumba za zamani na nchi iliyozizunguka zimepata kushindaniwa mbele ya macho ya watu wote, na katika mashindano hayo mna mafundisho kwetu sisi sote.

Kwanza yafaa niueleze mji wenyewe kwa ajili ya wale ambao hawajafika. Lamu ni mji wa Waswahili katika kisiwa chenye jina hilo hilo, upande wa kaskazini wa pwani ya Kenya. Watu wamekaa humo pasipo kukatika kwa muda wa zaidi ya miaka 700. Njia zake ni nyembamba, na tangu zamani mizigo huchukuliwa na punda na vichwa vya watu. Katikati ya mji iko ngome iliyomalizika kujengwa yapata mwaka 1821. Ngome hiyo ilikuwa gereza tangu mwaka 1910 hata 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1986 Serikali iliutangaza mji wa kale kuwa ukumbusho wa taifa, na mwaka 2001 UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, likauandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Hayo ni heshima kubwa. Lakini heshima iliyoandikwa katika karatasi haizibi tundu la dari. Basi hebu tuingie katika nyumba moja ya Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe, tutazame imejengwa kwa kitu gani.

Kuta zake ni nene, nazo ni za mawe ya matumbawe yaliyotoka baharini na katika nchi kavu ya pwani. Mawe hayo yameshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni mpaka yakawa unga. Dari imechukuliwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika hori na visiwa vya jirani. Boriti moja haivuki sana mita 3, na kwa sababu hiyo vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulipimwa na mti, si na fundi. Ukiuliza maji ya mji yatoka wapi, utaambiwa yatoka katika visima vya upande wa Shela, ambako vilima vya mchanga hupokea mvua na kuyachuja maji na kuyaweka chini yasichanganyike na ya chumvi.

Mwaona, basi, ya kuwa hapana kitu katika nyumba ile kisichotoka katika bahari, mikoko au mchanga wa mahali pale. Hili ndilo neno nililokuja kulisema leo. Mtu asemaye kwamba atazihifadhi nyumba za kale, na huku hajali mikoko wala vilima vya mchanga, amelinda mtungi akakisahau kisima. Naye asemaye kwamba atailinda nchi, na huku nyumba ya babu yake yaanguka, hajafanya nusu ya kazi.

Sasa tutazame hatari zenyewe. Nitaanza na zile zilizo ndani ya nyumba, maana hizo ni zetu wenyewe.

Ya kwanza ni saruji. Mtu huona ukuta wake umemomonyoka, akanunua mifuko ya saruji akaupaka, akafurahi kwa kuwa umekuwa laini na mgumu. Lakini ukuta wa matumbawe hupumua. Unyevu na chumvi hupanda kutoka chini, na chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Baada ya miaka michache jiwe lililo nyuma ya saruji huwa kama mkate uliolowa, na siku saruji ikibanduka hutoka pamoja na ukuta. Mwenye nyumba amelipa fedha zake ili aiharibu nyumba yake, wala hakuwa na nia mbaya.

Ya pili ni urithi usiogawanywa. Tuseme mzee amefariki na kuwaachia nyumba moja watoto saba. Mmoja yuko Mombasa, mmoja Nairobi, wawili wako Arabuni, na waliobaki mjini hawana uwezo. Mvua yapita katika dari. Mwaka wa kwanza debe moja la chokaa na kazi ya siku mbili ingetosha. Lakini kila mmoja humngojea mwenziwe, kwa kuwa nyumba ni ya wote. Mwaka wa tatu boriti mbili zimeoza. Mwaka wa sita chumba cha juu kimeangukia cha chini, na wale waliokuwa hawana fedha za kutengeneza huona hapana njia ila kuuza.

Ya tatu ni gharama, na hapa napenda kusema kwa uwazi. Ni vyepesi mtu wa mbali kumwambia mwenye nyumba, “Usibadili kitu, nyumba yako ni urithi wa dunia.” Tangu mwaka 2006 iko sheria ya makumbusho na urithi, nayo ni sheria njema. Lakini yule mjane akaaye ndani ya nyumba hiyo ataka kujua ni nani atakayemlipa fundi. Boriti nzuri ni ghali, mafundi waijuao chokaa wanapungua, na matofali ya saruji yauzwa kila duka. Chama kinachomkataza mwenye nyumba bila kumsaidia kitachukiwa, na kwa haki.

Sasa tutoke nje ya mji. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Zamani majahazi yalipakia boriti kwenda Arabuni na Ghuba, mpaka Serikali ilipopiga marufuku kuziuza nchi za nje mwaka 1982. Mikoko hiyo ni boriti ya nyumba, tena ni mahali samaki wanapozaa. Vilima vya Shela navyo vimetamaniwa kwa ajili ya majumba ya kifahari, kwa kuwa mandhari yake ni mazuri. Lakini kila kilima kinachojengwa ni birika la maji lililozibwa mdomo.

Kisha likaja jambo kubwa kuliko hayo. Mwezi wa Machi mwaka 2012 ulizinduliwa mradi wa bandari mpya ya Lamu, pamoja na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia. Baada ya hapo likatokea shauri la kujenga, huko Kwasasi upande wa bara, yapata kilomita 20 kutoka mji wa kale, kituo cha umeme wa makaa ya mawe chenye nguvu ya megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka 2016. Watu waliuliza: moshi na jivu vitakwenda wapi, na maji ya moto yatakayomwagwa baharini yatawafanya nini samaki? Na mawe ya kuta zetu, ambayo yapigwa na chumvi tangu zamani, je, yataweza kustahimili na hewa chafu pia?

Hapo ndipo umoja wa vikundi vya wenyeji uitwao Save Lamu, yaani Okoa Lamu, ulipofanya kazi ambayo ningependa muifahamu vizuri. Umoja huo haukuwa wa matajiri. Walikuwamo wavuvi, akina mama, vijana na wazee. Walikwenda kijiji kwa kijiji wakakusanya maneno ya watu, wakaandika waraka unaoeleza desturi za wenyeji na jinsi wanavyotumia bahari, misitu na ardhi. Kisha, pamoja na wanasheria waliowasaidia, wakaikata rufani ile leseni mbele ya baraza la sheria la taifa linalosikiliza mambo ya mazingira.

Shauri lilichukua karibu miaka mitatu. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta leseni. Sababu moja kubwa ilikuwa hii: wananchi hawakushauriwa kama sheria inavyotaka. Mikutano ilifanywa, lakini iliwajulisha watu juu ya mradi kabla uchunguzi haujamalizika, nao hawakupewa nafasi ya kutosha kuyajua madhara yaliyoandikwa katika taarifa yenyewe na kuyajibu. Likumbukeni neno hilo. Kuarifiwa si kushauriwa. Kampuni ilikata rufani, lakini kituo hakikujengwa.

Sitaki mdhani ya kuwa chama kilishinda kila kitu. Bandari iliendelea kujengwa, na gati yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 2021. Wavuvi walikuwa wamekwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2018 iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wao wapatao 4,600. Lakini fedha hazikutolewa upesi. Wala si watu wote wa Lamu waliokuwa na shauri moja. Wako waliokitaka kituo kile cha umeme kwa sababu vijana wao hawana kazi, na mtu mwenye njaa nyumbani hapaswi kuitwa msaliti. Chama chenye busara humwalika mtu huyo mkutanini na kumsikiliza, kwa kuwa kesho atakuwa jirani yule yule.

Pengine mtaniuliza, “Je, tuyakatae maendeleo?” Hasha. Hapana mtu aliyeikataa taa, wala hospitali, wala shule. Wazee waliozijenga nyumba za mawe walikuwa watu wa biashara waliopokea vitu kutoka nchi nyingi. Swali si kama mji utabadilika au hautabadilika. Swali ni kama wenyeji watakuwapo shauri likikatwa, au wataletewa habari limekwisha.

Sasa nataka kuwaachieni mambo matatu ambayo kila mmoja aweza kuyafanya.

La kwanza, mwenye nyumba ya mawe aifuate chokaa. Kabla ya kununua saruji, mwite fundi mzee, mtazame dari na kuta kila mwaka kabla ya masika, mzibe tundu likali dogo. Na ninyi vijana, jifunzeni kazi hiyo kwa wazee hao wangali hai. Ufundi wa chokaa na wa kuchonga milango ni riziki, wala haupatikani dukani.

La pili, ndugu waliorithi nyumba wakutane mapema, waandike ni nani atakayeitunza na kila mmoja atatoa kiasi gani. Udugu wenye hesabu hudumu kuliko udugu wa kungojeana.

La tatu, undeni chama, nacho kiwe chama kweli. Kiwe na ada ndogo ambayo mvuvi aweza kuilipa, kitabu cha hesabu kinachosomwa mbele ya wote, na wanawake katika kamati, kwa kuwa wao ndio wakaao na nyumba mchana kutwa. Mradi ukitangazwa, chama kiombe taarifa ya uchunguzi, kiisome, na kiieleze kwa Kiswahili barazani kabla siku za kukata rufani hazijapita. Watu wengi wamepoteza haki zao kwa kuchelewa tu.

Na ninyi wa bara mtakaosoma maneno haya, msidhani ya kuwa hii ni habari ya pwani peke yake. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliandikwa katika orodha ile ile ya urithi wa dunia mwaka 2008, na boma la mawe la Thimlich Ohinga, kule Migori, mwaka 2018. Katika nchi yako pia iko chemchemi, au mti, au ukuta, ambao wazee walikukabidhi bila ya karatasi yo yote. Hapana atakayeulinda akiwa mbali, ikiwa ninyi mlio karibu mmelala.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Lamu wamekwisha kuuona ufa, na wengine wao wamekamata mwiko. Tusiwaachie kazi hiyo peke yao.