Namba ya Kiti Si Jina la Mtu

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya Migori na Homa Bay)



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala visima. Tutazungumza juu ya daftari, lile jipya linalokaa ndani ya simu na kompyuta. Hesabu zake zikiharibika, si fedha tu inayopotea. Watu wanaharibiwa jina.

Tuanze na yaliyotufika. Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilitengenezewa programu na kijana wa pale pale kijijini. Siku ya kwanza ya kuitumia, mama mmoja, mwanachama namba 7, aliomba mkopo wa shilingi 6,000 za karo. Simu ikasema bado anadaiwa 4,200. Mama akaapa kwamba alikwisha maliza. Watu wakaguna. Akaondoka akilia, na mtoto akakaa nyumbani wiki nzima. Sisi tulikuwapo, na tuliiamini simu kuliko mama. Hapo tulikosea.

Katibu alipofungua daftari la karatasi, mama hakuwa na deni hata senti. Zile 4,200 zilikuwa za mwanachama namba 8.

Sisi si mafundi wa kompyuta, basi tulikaa na yule kijana atueleze. Hebu fikirini boma. Fedha imefungwa kwenye kitambaa, kitambaa kimo sandukuni, sanduku limo ndani ya nyumba, nyumba imo bomani. Ukiitaka fedha ile huwezi kuruka ukuta, sivyo? Unapita langoni, unaingia nyumbani, unafungua sanduku, ndipo ufungue kitambaa. Programu nayo ni hivyo hivyo. Kikundi ndilo boma. Ndani yake mna wanachama, ndani ya kila mwanachama mna mikopo yake, na ndani ya kila mkopo mna tarehe, kiasi na baki. Fundi huandika njia hivi:

kikundi.wanachama[6].mikopo[0].baki

Someni polepole kutoka kushoto. Nukta ni kusema, "ingia kwa jina." Mabano ni kusema, "ingia kwa namba." Vyombo basi ni vya aina mbili. Liko kasha, ambamo kila kitu kina jina lake, kama nyumba ya mikayi inavyojulikana bomani bila kuhesabu. Na iko orodha, ambamo vitu vimepangwa foleni, na kila kimoja unakiita kwa nafasi yake.

Mtego wa kwanza uko kwenye orodha. Lugha ya JavaScript, aliyoibuni Brendan Eich mwaka 1995 kwa kurasa za intaneti, huhesabu kuanzia sifuri. Wa kwanza ni 0, wa pili ni 1. Tusishangae, sisi wenyewe husema saa moja hali saa ya ukutani inaonyesha 7. Katika Katiba ya mwaka 2010, kaunti zimeorodheshwa 47: Homa Bay ni ya 43 na Migori ya 44. Ziweke kompyutani kwa mpango huo, kisha uombe kaunti[43]. Utapewa Migori! Homa Bay imekaa kwenye 42. Kompyuta haikudanganya, imekupa ulichoomba.

Ndivyo ilivyompata yule mama. Kijana aliandika [7], simu ikamsoma wa nane. Kila mmoja alivikwa hesabu ya jirani yake, na mwanachama wa mwisho hakuonekana kabisa.

Je, dawa ni kutoa moja? Itasaidia leo. Lakini mwanachama mmoja akihama na kufutwa, walio nyuma yake wote husogea nafasi moja. Afadhali kila mtu aandikiwe namba yake ya uanachama ndani ya kasha lake, na programu imtafute kwa hiyo. Iko amri ya kazi hiyo, find. Namba ya kiti si jina la mtu.

Mtego wa pili ni sanduku tupu. Mtu ambaye hajakopa hana mkopo wowote katika orodha yake. Programu ikiuliza baki ya mkopo usiokuwapo, inakwama. Tangu mwaka 2020 JavaScript ina alama ?. yenye maana "kama kipo, ingia, kama hakipo, rudi mikono mitupu." Ni nzuri, lakini angalieni: asiyekopa na aliyemaliza kulipa si sawa. Fundi asiwaandikie wote sifuri. Aliyelipa ana sifa yake, asinyang'anywe.

Basi tunawaomba:

1. Kabla ya kuitumia programu, linganisheni simu na daftari kwa watu watatu: wa kwanza, wa mwisho, na asiyekopa kamwe.

2. Fundi aisome ile njia kwa sauti mbele yenu, hatua kwa hatua.

3. Mwanachama akiondoka, rudieni kulinganisha.

4. Daftari la karatasi lisitupwe.

5. Simu na mtu wakipingana, mtu asihukumiwe siku hiyo.

Yule mama tulimwomba radhi mbele ya kikundi kizima, akapewa mkopo wake. Lakini ile wiki ya masomo haikurudi.

Sasa tuulizane maswali.