Nguo ya Gome na Sare Zetu

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Maisaka, Babati)



Nimeombwa nieleze safari yangu ya Kenya na Uganda, nilikokwenda wakati wa likizo kutazama karakana za kazi za mikono zinazosifiwa kwa kuwatendea haki wafanyakazi. Nimekubali upesi, kwa kuwa jioni hii Kamati yetu inaamua nani atushonee sare za sherehe ijayo.

Nairobi, huko Karen, nilizuru Kazuri. Lady Susan Wood aliianzisha mwaka 1975 pamoja na wanawake wawili. Baadaye wakawa mamia, wengi wao wakilea watoto peke yao, nao hufinyanga shanga za udongo. Ni mahali pazuri, ila duka liko hapo hapo, na mgeni hufungua pochi kabla ya kuuliza swali.

Uganda ndiko nilikojifunza zaidi. Waganda wana nguo iitwayo lubugo, itokanayo na gome la mti wa mutuba, nao ni ufundi wa ukoo wa Ngonge. Wakati wa mvua fundi huchuna gome, kisha hulifunga shina kwa majani ya migomba ili lipone na kuota gome jingine. Mti haufi, huvunwa tena na tena. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, kwanza mipana, halafu myembamba, chini ya banda lisilo na kuta, hata lilainike na kupata rangi ya udongo mwekundu. Nilijaribu nyundo kwa dakika kumi. Mkono uliniuma siku mbili.

Kilichoudhoofisha ufundi huo ni vitambaa vya pamba vilivyoletwa na misafara ya pwani katika karne ya 19, ikiwamo ile amerikani iliyofumwa Massachusetts na kupitia Unguja. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu. Ni heshima kubwa, lakini watoto hawali cheti. Fundi niliyekaa naye alinitajia anacholipwa kwa kipande, kisha akaniuliza: huko mjini wanakiuza shilingi ngapi?

Na sisi je? Pamba hulimwa hapa jirani, Mbugwe, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, bila kusokotwa. Sisi tunavaa mitumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa polepole; Marekani ikatishia kufunga soko lake la AGOA, na Rwanda peke yake ikashikilia, ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko mwaka 2018.

Hayo ni ya wakubwa. La kwetu ni sare 200. Mfanyabiashara mmoja ataleta fulana kutoka nje kwa shilingi 12,000 kila moja, na hajui zimeshonwa na nani. Mafundi cherehani wa hapa Babati wanataka 16,000 kwa shati, na wamenionyesha hesabu yote: kitambaa, uzi, vifungo, ufundi. Tofauti ni shilingi 800,000, nazo si kidogo kwa chama chetu. Mimi nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina 100,000. Daftari la michango liko mezani kwake, na Kamati inakutana saa kumi na moja.