Eriali ya Simu ya Upepo katika Motokaa ya Porini



Aendaye porini kwa motokaa akakwama matopeni, msaada wake ni sauti yake. Huko Marekani simu ya upepo ya raia, iitwayo CB, sheria imeiwekea nguvu isiyozidi wati 4 kwa usemi wa AM. Nguvu ni haba. Basi asiyetengeneza eriali ataita bure.

Kwanza, eriali ifungwe mahali pa juu, isizibwe na bodi. Pale kishikizo kigusapo bodi, rangi ikwanguliwe hata chuma king'ae. Maana bodi nzima ni nusu ya pili ya eriali.

Pili, ipimwe. Simamisheni gari uwanjani, mbali na kuta, milango imefungwa. Kipimo cha SWR huonyesha nguvu irudiyo nyuma. Pimeni chaneli ya 1 na ya 40. Ikizidi katika ya 1, eriali ni fupi, irefushwe. Ikizidi katika ya 40, ni ndefu, ipunguzwe kidogo kidogo, kwa kuwa kilichokatwa hakiungiki. Ikipita 3 kotekote, msiseme, mashine isije ikaungua; tazameni kwanza waya na kishikizo. Ikishuka chini ya 2, yatosha.

Mabwana, haya yafanywe kabla ya safari. Saa ya kukwama si saa ya kupima.