Nyumba ya Shambani Ikizeeka: Ziba Ufa Mapema

(Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Ruiri)



Katika boma nyingi za Ruiri ipo nyumba moja kongwe, ya mbao au ya mawe, iliyojengwa kwa pesa za mazao na mifugo. Mzee akifariki, swali huwa moja: ibomolewe au itengenezwe?

Jibu linaweza kuanzia Karen, Nairobi. Mwaka 1912 raia wa Uswidi, Åke Sjögren, alijenga nyumba ya mawe yenye paa la vigae chini ya Vilima vya Ngong. Mwaka 1917 ilinunuliwa na Bror na Karen Blixen, pamoja na shamba la kahawa. Lakini eneo lile lilikuwa juu mno na baridi mno kwa kahawa. Shamba lilifilisika, likauzwa mwaka 1931, na ardhi ikagawanywa viwanja.

Nyumba ilisalimika. Serikali ya Denmark iliinunua na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru mwaka 1964. Ikawa sehemu ya chuo cha lishe, kisha ikakarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Leo wageni hulipa kiingilio kuiona. Shamba lilikwisha, nyumba ikabaki na kazi.

Si kila nyumba ya Ruiri itakuwa makumbusho, wala haihitaji. Inaweza kuendelea kuwa makao. Muhimu ni mpangilio wa kazi.

Kwanza, tengenezeni paa na mifereji yake. Maji yakiingia juu, rangi mpya ukutani ni hasara. Pili, kagueni mchwa kwenye nguzo na mbao za chini. Tatu, ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa usizibwe kwa saruji nzito. Saruji hufungia unyevu ndani na mawe huanza kumomonyoka. Nne, paa la asbesto lisivunjwe kwa nyundo, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu. Tafuteni mtaalamu aliyeidhinishwa.

Kabla ya mabadiliko makubwa, pelekeni michoro kwa ofisi ya mipango ya kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Nyumba nyingi haziangushwi na mvua. Huangushwa na ugomvi. Hati ikibaki kwa jina la marehemu, hakuna ndugu anayethubutu kununua hata bati moja, akihofia kutengeneza cha mwenzake. Kamilisheni urithi mahakamani, kisha mkubaliane nani atatunza nini. Na wazee wangali hai, waulizeni: nani alichonga mawe, mbao zilitoka wapi, chumba kipi kiliongezwa lini. Andikeni, pigeni picha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.