Maneno ya Mwenyekiti: Dada Anayelea Mdogo Wake



Hisa zetu zimekwisha sifiwa. Mimi nataka kumzungumzia binti wetu mmoja wa hapa Kerenge. Jina silitaji, ila ameniruhusu.

Wazazi walifariki yeye ana miaka 19, mdogo wake yuko darasa la tano. Ada haikuwa tatizo, maana tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Lakini sare, madaftari na sabuni nani alete? Akaomba mkopo auze maandazi. Mdhamini wake nani? Tukabishana mpaka jua likazama! Mwisho akina mama watano wakamdhamini. Amerejesha wote, na mdogo wake yuko kidato cha pili.

Sasa baba yao mdogo anataka shamba, ati mtoto wa kike harithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume. Jumatatu binti anakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Asiende peke yake. Wa kumsindikiza waniambie leo, kabla pilau haijaisha.