Moshi Hauujui Mpaka wa Kiwanja



Leo hatukuja kuzungumzia wezi. Tumekuja kuzungumzia chumba kinachojengwa karibu mno na bomba la moshi la jenereta ya jirani. Mtambo mpya wa umeme ulizinduliwa Juba Novemba 2019, lakini umeme wake haujafika kila nyumba, na ngurumo ya jenereta ingali sauti ya usiku wetu.

Tulipata kuitwa katika mtaa mmoja. Mwenye duka alikuwa ameweka jenereta nyuma ya duka lake, bomba likielekea kiwanja kitupu cha jirani. Baadaye jirani alijenga hapo chumba cha wanawe, ukuta ukiwa mpakani na dirisha likilikabili bomba. Watoto wakawa wanaamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Walipewa dawa ya malaria, hawakupata nafuu. Hatimaye baba yao akaliziba bomba kwa matambara na tope. Tulipofika, mapanga yalikuwa yamekwisha kutolewa.

Mmoja alisema, “Mimi nilitangulia.” Mwingine akasema, “Nimejenga katika ardhi yangu.” Wote wawili walisema kweli, lakini hakuna kweli kati ya hizo ambayo ingemwokoa mtoto aliyelala.

Moshi wa jenereta hubeba gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo haionekani wala haina harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwenye usingizi huweza kufa bila kuamka. Kufunga dirisha hakutoshi, kwa kuwa gesi hupenya chini ya mlango na kwenye nafasi kati ya ukuta na mabati. Basi, watu wa nyumba moja wakiugua kichwa kwa pamoja bila homa, na kupata nafuu wakitoka nje, tazameni jenereta kabla ya kulaumu mbu.

Siku ile wazee waliketi nasi chini ya mwembe. Mwenye duka alikubali kuihamisha jenereta, na jirani akakubali kuliziba dirisha la upande ule na kufungua jingine. Hakuna aliyelala mahabusu.

Kwa hiyo tunawasihi mambo manne. Kwanza, kabla ya kupanga tofali la kwanza, mwite jirani yako na fundi, mtazame pamoja bomba lake linaelekea wapi. Pili, jenereta iwekwe nje mahali pa wazi, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote, la kwako na la jirani. Pakiwa finyu, fundi mjuzi apandishe bomba juu ya paa, mbali na mbao na maturubai, maana bomba hilo huwaka moto. Tatu, usilizibe wala kulikata bomba la mwenzako. Moshi utarudi kwa watu wake, na wewe utakuwa umejichukulia sheria mkononi. Nne, ukimkuta mtu amezimia, mtoe kwenye hewa safi, zima jenereta, mfikishe hospitali na umweleze daktari habari ya moshi.

Polisi hatuamui mipaka ya viwanja. Hilo ni la mamlaka za ardhi na mahakama, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 2009. Lakini tuiteni mapema, mngali mnasemezana, kuliko kutuita kuja kuhesabu majeruhi.

Wahenga walinena: heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Usiku huu, kabla ya kulala, tokeni nje mtazame moshi wenu unaingia kwa nani.