Mpangaji na Sanduku la Barua



Jon Postel alipoandika kanuni ya kupeleka barua pepe mwaka 1982, hakuweka posta kuu. Kila kompyuta iliyounganishwa na mtandao ilikuwa posta kamili, yenye haki ya kupokea na kupeleka barua pasipo kuomba ruhusa ya mkubwa yeyote. Haki hiyo haijafutwa. Ila sanduku za barua za umma mkubwa wa dunia sasa zimo mikononi mwa makampuni machache, Google na Microsoft yakiwa mbele.

Mwenye sanduku huko ni mpangaji tu. Siku akifungiwa mlango, barua za miaka mingi hubaki ndani, na anwani aliyowapa benki, mwajiri na jamaa zake hufa. Ndiyo maana wapo wanaojinunulia jina lao mtandaoni, na wachache wanaothubutu kusimika seva yao wenyewe.

Kupokea barua si kazi kubwa. Programu ya Postfix, aliyoitunga Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, haiuzwi, na kompyuta ndogo huitosha. Hata umeme ukikatika, seva ya mpelekaji huitunza barua na kujaribu tena, kwa kawaida kwa siku kadhaa.

Taabu imo katika kupeleka. Wauzaji wengi wa intaneti ya majumbani hufunga mlango namba 25, ambao ndio njia ya barua. Asiyefungiwa aweza kukuta anwani yake ya IP imekwisha kuandikwa katika orodha ya watiliwao shaka, pengine kwa makosa ya aliyeitumia kabla yake. Kisha kuna masharti. Tangu Februari 2024 Google humdai kila mpelekaji tangazo la SPF, litajalo seva zenye idhini, au sahihi ya DKIM. Apelekaye barua zaidi ya 5,000 kwa siku hudaiwa yote mawili, pamoja na agizo la DMARC. Aidha, anwani ya IP sharti iandikishwe jina la seva, na mwenye uwezo wa kuiandikisha ni aliyeikodisha.

Masharti hayo si uonevu mtupu, kwani matapeli ni wengi. Dhuluma ni kwamba aliyetimiza yote bado barua yake yaweza kutupwa kapuni kimya kimya, naye asiarifiwe.

Basi jina na seva visichanganywe. Mwenye jina lake, tuseme liishialo kwa .tz, aweza kukodi huduma kwa kampuni moja na kuhamia nyingine kwa kubadili rekodi ya MX, na wanaomwandikia wasitambue. Barua za zamani azinakili mwenyewe. Wengine hupokea kwa seva yao, wakapeleka kupitia kampuni. Wakaidi huuita huo uhuru nusu, lakini barua zinafika. La kuangaliwa ni ada ya jina: ikisahauliwa, mtu mwingine aweza kulinunua jina hilo na kuanza kupokea barua zisizo zake.